Malaika Hakumwambia Eliya Akaze



Mpendwa kijana, kabla hujaendelea chukua Biblia yako usome 1Fal 18:41 mpaka 19:8. Ni kama ukurasa mmoja tu. Ukishamaliza, rudi hapa tutafakari pamoja.

Nabii aliyekimbia

Tukisikia jina la Eliya, wengi tunakumbuka moto ulioshuka juu ya Mlima Karmeli na manabii wa Baali walioumbuka. Lakini mwishoni mwa sura ya 18 kuna mstari mmoja ambao huwa tunaupita haraka. Mvua ilipoanza kunyesha baada ya ukame mrefu, mfalme Ahabu alipanda gari lake kuelekea Yezreeli. Eliya naye akajifunga nguo kiunoni, akakimbia kwa miguu mbele ya gari hilo mpaka karibu na mji. Kutoka Karmeli hadi Yezreeli ni zaidi ya kilomita 20. Yaani nabii alipiga nusu marathoni baada ya siku nzima ya mapambano mlimani.

Wala hakupata nafasi ya kupumzika. Malkia Yezebeli alituma ujumbe kwamba atamuua, na Eliya akaanza kukimbia tena, safari hii kuelekea kusini mpaka Beersheba, zaidi ya kilomita 100. Akamwacha mtumishi wake hapo, akaingia jangwani mwendo wa siku nzima. Alipofika chini ya mti wa mretemu akakaa, akamwomba Mungu afe. Amekwisha kabisa. Mtu yule yule ambaye Mungu alimjibu kwa moto, sasa hana nguvu hata ya kusimama.

Angalia sasa Mungu alivyomjibu. Hakumhubiria. Hakumkumbusha kwamba yeye ni nabii kwa hiyo akaze. Alimwacha alale. Kisha malaika akamgusa, akamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya akala, akanywa, akalala tena! Malaika hakukasirika. Alirudi mara ya pili, akamlisha tena, akampa na sababu: safari iliyo mbele yake inazidi nguvu alizonazo. Baada ya hapo ndipo Eliya alipotembea siku 40 mpaka Horebu, mlima wa Mungu.

Kijana mwenzangu, tunalileta somo hili kwako kwa sababu wengi wenu mko kwenye tizi. Wengine mnajiandaa na UMISSETA, wengine mmemaliza kidato cha sita na mnaelekea JKT, pale Makutupora au kambi nyingine. Wengine mmejiandikisha mbio za hisani, na wengine wiki moja mnacheza mechi ya shule, bonanza la parokia na ndondo ya mtaani. Jambo jema kabisa. Ila kuna jeraha moja linalowapata watu wenye bidii, linaingia kimya kimya, na wengi hawalijui mpaka mfupa unapovunjika.

Mfupa nao huchoka

Tumezoea kudhani mfupa huvunjika kwa ajali tu: umeanguka, umegongwa na bodaboda, umepigwa daluga. Kumbe mfupa unaweza kupata ufa bila kuanguka popote, kwa kugongwagongwa na mzigo ule ule kila siku bila kupewa muda wa kujirekebisha. Mwaka 1855 daktari wa jeshi la Prussia, katika Ujerumani ya leo, aitwaye Breithaupt, aliandika juu ya askari waliovimba na kuumwa nyayo baada ya matembezi marefu. Eksirei ilikuwa haijagunduliwa bado. Ilipokuja, mwishoni mwa karne ile, ikaonyesha kwamba mifupa ya nyayo zao ilikuwa na nyufa. Hawakuangushwa na mtu. Walitembea tu.

Inakuwaje? Mfupa ni kitu hai. Kila unapokimbia, unapata michubuko midogo sana isiyoonekana kwa macho. Mwili una seli zinazokwangua sehemu iliyochakaa, na seli nyingine zinazojenga upya. Wazee wetu wa Ugogo walioishi kwenye tembe wangelielewa jambo hili mara moja. Ukuta wa tembe ukipata ufa, huwezi kukandika udongo mpya juu ya ule uliolegea. Unakwangua kwanza, ndipo unakandika, ndipo unauacha ukauke. Katikati hapo, kati ya kukwangua na kukauka, ukuta ni dhaifu kuliko ulivyokuwa kabla hujaugusa.

Mfupa uko hivyo hivyo. Kukwangua huchukua wiki chache, lakini kujenga upya na kukomaa huchukua miezi kama mitatu. Na hapa ndipo penye mtego. Mapafu na misuli huzoea mazoezi mapema. Baada ya wiki tatu nne unajisikia mwepesi, pumzi imefunguka, unaona sasa niongeze mara mbili. Kumbe ndio wakati ule ule ambao mfupa umekwanguliwa na haujakandikwa. Unajiona una nguvu siku ambazo mfupa wako ni dhaifu kuliko wakati wowote. Ndiyo maana kuruta na mwanafunzi aliyeingia kambini ghafla, aliyekuwa hakimbii kabisa na sasa anakimbia asubuhi na jioni kwenye ardhi ngumu ya kiangazi, wako hatarini kuliko mkimbiaji aliyejijenga kidogo kidogo kwa miaka.

Wala si wageni tu. Paula Radcliffe wa Uingereza, aliyeweka rekodi ya dunia ya marathoni mwaka 2003, alipata ufa wa namna hii kwenye mfupa wa paja mwaka 2008, miezi michache kabla ya Olimpiki ya Beijing. Alikwenda akakimbia, akamaliza nafasi ya 23. Mfupa haujali wewe ni bingwa au la. Unajali umepewa mzigo kiasi gani, na muda gani wa kupona.

Maumivu yanayosema

Mara nyingi jeraha hili hukaa kwenye muundi, kwenye mifupa ya wayo, au kwenye mfupa wa paja karibu na nyonga. Nalo lina tabia yake. Mwanzoni linauma mwisho wa mazoezi tu, ukipumzika linaisha. Baadaye linaanza kuuma katikati ya mazoezi. Baadaye tena linauma tangu hatua ya kwanza. Mwishoni linauma hata ukiwa umekaa kanisani, au usiku umelala.

Uchovu wa misuli ni tofauti. Misuli huuma eneo pana, pande zote mbili, na baada ya siku mbili tatu hupoa. Ufa wa mfupa huuma mahali pamoja, unaweza kupaonyesha kwa ncha ya kidole, na kila wiki unazidi. Ukiona hivyo, usijipime kwa kurukaruka uone kama umepona. Acha kukimbia, nenda hospitali. Na kama maumivu yako kwenye kinena au ndani ya nyonga, usisubiri hata siku moja, kwa sababu shingo ya mfupa wa paja ikikatika kabisa inaweza kuhitaji upasuaji, na ikakuachia shida ya kudumu.

Jambo jingine ulijue: eksirei ya wiki za mwanzo mara nyingi huonekana safi ingawa ufa upo. Kwa hiyo picha safi siyo ruhusa ya kurudi uwanjani. Kama maumivu yanaendelea, mwambie daktari. Anaweza kurudia picha baada ya wiki mbili tatu, au kukuandikia kipimo cha MRI. Tiba ya nyufa nyingi za namna hii ni rahisi kuisema na ngumu kuifanya: kupumzika kukimbia kwa wiki kama sita hadi nane, halafu kurudi pole pole.

"Ni msalaba wangu"

Hapa ndipo tunapotaka kuzungumza na moyo wako, kwa sababu kijana Mkatoliki ana namna yake ya kuficha maumivu. Mwenzake asiyesali atasema "nakomaa". Yeye atasema "huu ni msalaba wangu, nauunganisha na mateso ya Yesu". Inapendeza kusikika. Lakini je, ni kweli?

Msalaba wa Bwana wetu ulikuwa mapenzi ya Baba, kwa ajili ya wokovu wetu. Yesu hakuutafuta kabla ya saa yake. Watu wa Nazareti walipotaka kumtupa kutoka ukingo wa mlima, alipita katikati yao akaenda zake (Lk 4:30). Alipochoka, alilala kwenye mashua huku dhoruba ikipiga (Mk 4:38). Mitume waliporudi kutoka utume na watu wamejaa hata hawana nafasi ya kula, aliwachukua kando wakapumzike (Mk 6:31). Huyo ndiye aliyesema tubebe msalaba. Hajipingi.

Tena kumbuka jaribu la kwenye kinara cha hekalu (Mt 4:5-7). Shetani alimnukulia Yesu Zaburi, ile inayosema malaika watamchukua mikononi asijikwae mguu kwenye jiwe, ili ajitupe chini. Ona vizuri: shetani alitumia Neno la Mungu kumshawishi Yesu auhatarishe mwili wake bila sababu. Na Yesu alikataa kumjaribu Mungu. Ukijua kabisa muundi wako una shida, ukameza vidonge vya maumivu ili usisikie, ukafanya ishara ya msalaba ukaingia uwanjani ukisema Mungu atanilinda, uko juu ya kinara kile kile.

Vidonge hivyo havizibi ufa. Vinanyamazisha sauti tu. Ni sawa na mtu anayesikia kengele ya hatari, badala ya kutoka ndani ya nyumba anakwenda kuziba masikio.

Utaniuliza: mbona Mtakatifu Paulo anasema anautesa mwili wake na kuutumikisha, tena akitumia mfano wa wakimbiaji (1Kor 9:24-27)? Ni kweli. Lakini Paulo anazungumzia kujitawala. Na kujitawala ni pamoja na kuweza kusimama pale nafsi inapotaka kuendelea. Kwa wengi wetu kukimbia siyo kazi ngumu, tunapenda. Kazi ngumu ni kukaa benchi wiki sita huku mwenzako akivaa jezi yako. Hapo ndipo unapojulikana kama unautawala mwili, au unatawaliwa na sifa. Katekisimu ya Kanisa inatufundisha kuutunza mwili kama zawadi ya thamani (namba 2288), na papo hapo inaonya tusiabudu mwili wala mafanikio ya michezo hadi kutoa kila kitu kwa ajili yake (namba 2289). Mtakatifu Fransisko wa Asizi aliuita mwili wake Ndugu Punda, akaufunga na kuukesha sana. Mapokeo yanasimulia kwamba karibu na kufa kwake aliuomba msamaha.

Tunawakumbuka kwa lipi?

Kila Mtanzania anayependa riadha anamjua Mzee John Stephen Akhwari wa Mbulu. Olimpiki ya Mexico City, Oktoba 1968, alianguka njiani akaumia goti, akafungwa bandeji, akaendelea. Aliingia uwanjani giza limeshaanza, nafasi ya 57, mtu wa mwisho kumaliza. Akaeleza kwamba nchi yake ilimtuma kumaliza mbio, siyo kuzianza tu. Tunajivunia habari hiyo, na tuna haki. Lakini wengi hatujui kilichofuata. Mwaka 1970, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, Mzee Akhwari alimaliza marathoni nafasi ya tano, kwa muda wa saa 2 na dakika 15. Goti lile lilipona, ndipo akakimbia vile. Uvumilivu wa siku moja ya Mexico tusiufanye kuwa ratiba ya mazoezi ya kila siku.

Karibu zaidi na sisi, Singida hapo jirani, anatoka Alphonce Simbu. Mwaka 2016 alikuwa wa tano Olimpiki ya Rio. Mwaka 2017 alipata shaba ya dunia London. Olimpiki ya Tokyo, iliyokimbiwa 2021, akawa wa saba. Paris 2024 akawa wa 17, na wapo waliosema amekwisha. Septemba 15, 2025, kule Tokyo, alimshinda Amanal Petros wa Ujerumani kwa tofauti ya sehemu tatu za mia za sekunde, baada ya kilomita 42. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha. Hesabu mwenyewe: kutoka Rio hadi Tokyo ni miaka tisa. Mwili wake ulipaswa kudumu miaka yote tisa ili siku hiyo ifike. Wewe una miaka 18 au 19. Unataka kuimaliza miguu yako kwenye kambi ya mwezi mmoja?

Neno kwa dada zetu, na kwa wote wanaojinyima

Malaika alimpa Eliya usingizi, kisha mkate. Mfupa haujengwi kwa hewa. Ukikimbia sana na kula kidogo, mwili unaanza kubana matumizi, na mfupa ni mmojawapo wa vitu unavyoviacha bila kuvijenga. Kwa msichana, dalili yake kubwa ni siku zake kukatika au kuruka miezi. Dada, usifurahie jambo hilo eti limekupunguzia usumbufu. Ni taarifa kwamba mifupa yako inakosa kinga. Mwone daktari, na mwambie mama, shangazi au mwalimu wa kike unayemwamini.

Chakula chetu kinatosha kabisa: ugali wa uwele au mtama, mlenda, maharage, karanga, maziwa, na dagaa wanaoliwa na mifupa yao. La msingi ni kula cha kutosha, na kula mapema baada ya mazoezi. Kama uko kwenye mazoezi mazito wakati wa Kwaresima, zungumza na padre wako kuhusu namna ya kufunga. Kuna kujinyima kwingi kunakompendeza Mungu bila kuvunja muundi. Anza na simu.

Kwa makocha, walimu na viongozi wa vijana

Kocha, mwalimu, mwenyekiti wa VIWAWA, tunakuomba kwa heshima. Kijana akikuambia "mwalimu, hapa pananiuma", amekuamini. Usimwite mvivu mbele ya wenzake, kwa sababu hatakuambia tena, na wengine wote watajifunza kunyamaza. Ongeza mazoezi kidogo kidogo wiki kwa wiki, na baada ya wiki tatu hivi za kupanda, weka wiki moja nyepesi.

Kanisa lina mfano mzuri hapo Kenya. Bruda Colm O'Connell, mtawa kutoka Ireland, alifika shule ya St. Patrick's Iten mwaka 1976 kufundisha jiografia, bila kuwa amesomea ukocha. Aliwalea vijana wa shule pole pole, akiwemo David Rudisha, aliyemchukua akiwa kijana mdogo. London 2012 Rudisha alikimbia mita 800 kwa dakika 1:40.91, rekodi ya dunia. Bruda aliona kwanza kijana, ndipo akaona medali.

Na tusisahau Siku ya Bwana. Mungu alipoweka siku ya kupumzika, aliitaja kwa ajili ya mtumwa, mgeni na hata mnyama (Kut 20:8-11). Kama punda alihesabiwa, je, muundi wa mwanafunzi wako? Jumapili wapeleke Misa, kisha waache walale.

Fanya haya wiki hii

1. Jikague. Kuna mahali pamoja panapouma, unapoweza kuparudia kwa kidole kile kile kila siku? Kama papo, simamisha mbio leo.
2. Mwambie mtu mmoja: kocha, mzazi au daktari. Ukiwa Dodoma mjini, hospitali ya rufaa ya mkoa ipo, Benjamin Mkapa ipo. Usisubiri mashindano yapite.
3. Usimeze kidonge cha maumivu ili ucheze.
4. Lala mapema siku tatu mfululizo, na kabla ya kulala soma 1Fal 19:5-8 kama sala yako ya usiku.
5. Kama kuna mwenzako yuko benchi kwa jeraha, mtembelee. Mpelekee hata karanga. Malaika wa Eliya alikuja na chakula.

Ukiwa umelala, kijana, kuna kazi inaendelea ndani yako ambayo huioni na huiamrishi. Mfupa unakandikwa. Hufanyi wewe, unafanyiwa. Na ndiyo maana kupumzika ni tendo la imani: unakubali kwamba wewe siye unayejishikilia.

Tusali

Ee Baba mwema, uliyemwona Eliya chini ya mretemu na hukumkaripia, watazame vijana wako wanaokimbia. Wape bidii isiyo na kiburi. Wanapoumia, wape ujasiri wa kusema. Wanapokaa pembeni, waondolee hofu ya kusahaulika. Wape makocha na wazazi masikio ya kusikia. Ijenge mifupa yao wakiwa wamelala, uwaamshe wakati wako, uwape nguvu za safari yote mpaka mlima wako mtakatifu. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Mtakatifu Sebastiano, msimamizi wa wanamichezo, utuombee.